Mafunzo ya Kazi na Kazi Yenyewe: Uhakiki wa Mipango ya Vijana Mbulu na Hanang

Kila kipindi cha historia yetu kimempa kijana asiye na kazi jina lake. Mkoloni alimwita mhuni, akamkamata mjini na kumrudisha kwao kwa nguvu. Katika kampeni za miaka ya 1970 na 1980 aliitwa mzururaji, na mara nyingine mzembe. Siku hizi, katika maandiko ya miradi, anaitwa kijana aliye katika mazingira hatarishi. Jina hili la mwisho lina adabu zaidi kuliko yale ya kwanza, na wanaolitumia wana nia njema. Hata hivyo katika nadharia jina si jambo dogo, kwa sababu anayetaja ugonjwa ndiye anayechagua dawa. Ikiwa kijana ni mhuni, dawa ni polisi. Ikiwa ni mzembe, dawa ni shamba la katani. Na ikiwa yupo tu katika "mazingira" ambayo hakuna aliyeyatengeneza, basi dawa ni semina.

Makala haya yanakusudia kuhakiki dawa hiyo ya tatu, yaani mipango ya mafunzo ya kazi kwa vijana, kwa kutazama wilaya mbili za Mkoa wa Manyara, Mbulu na Hanang. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tuzungumzie vijana wa mijini kwa kuanzia katika wilaya za wakulima na wafugaji. Jibu ni kwamba kijana wa mjini hakuzaliwa na lami. Yule anayebeba mizigo katika soko la Arusha, yule mlinzi wa usiku, yule binti wa kazi za ndani, na yule anayeshuka shimoni Mererani, wengi wametoka vijijini, na sababu zilizowatoa huko ndizo zinazoamua kama mafunzo yatawafaa au hayatawafaa. Mpango unaoanza kumhesabu kijana siku aliposhuka stendi umekwisha kosea hesabu.

Tuanze na Hanang, kwa kuwa huko mambo yalitendeka waziwazi. Chini ya Mlima Hanang, kuelekea Basotu, Wabarbaig walikuwa na utaratibu wao wa kuhamisha mifugo kwa majira, na malisho yaliyo bora kuliko yote, yale wanayoyaita muhajega, yalitunzwa kwa sheria za mila ili yasimalizwe kwa pupa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianza kulima ngano katika nyanda hizo. Katika miaka ya 1980 yalikuwapo mashamba saba yenye jumla ya ekari 100,000 hivi: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo kwa sehemu kubwa.

Habari hizi zimeandikwa sana kwa upande wa ardhi. Upande wa kazi haukuandikwa vya kutosha, nao ndio unaotuhusu hapa. Mradi wa ngano ulikuwa pia mradi mkubwa wa mafunzo. Madereva wa matrekta, mafundi wa mitambo na wataalamu wa udongo walifundishwa, na baadhi walipelekwa Kanada kusoma. Mafunzo yale hayakuwa ya maneno: mwanafunzi alishika spana, na trekta lilikuwapo likimngoja. Kwa kipimo hicho yalikuwa bora kuliko semina nyingi za leo. Lakini yalikuwa mafunzo ya kilimo cha Kanada, nchi yenye ardhi tele na watu wachache, kilimo kilichobuniwa makusudi ili mtu mmoja juu ya mashine afanye kazi ya mamia. Kijana wa Kibarbaig aliyepoteza malisho hakuweza kupata nafasi humo hata kama angefundishwa kwa miaka kumi, kwa sababu nafasi zenyewe zilihesabika kwa vidole. Nguvu za uzalishaji ziliongezeka huku mikono iliyohitajika ikipungua, na mikono iliyobaki ikaenda Katesh, Babati, Arusha. Msaada wa Kanada ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 na shirika lenyewe kuzorota, mashamba yaligawanyika kati ya wawekezaji na vijiji. Ujuzi ulibaki vichwani mwa watu, lakini hakuna chombo kilichopewa wajibu wa kuurithisha. Leo nchi inaagiza kutoka nje sehemu kubwa kabisa ya ngano inayoila.

Mbulu ni habari nyingine. Katika nyanda za juu za Kainam, ambako Wairaqw wanakuita Irqwa Da'aw, watu wamelima kwa karne nyingi mahali padogo pasipopanuka. Walijenga matuta, wakaelekeza maji, wakafuga ng'ombe ndani na kurudisha samadi shambani, wakabadilisha mazao. Wataalamu wa nchi za nje wameandika vitabu vizima juu ya kilimo hiki. Huu nao ni mfumo wa mafunzo ya kazi, tena mrefu na mgumu: mtoto huanza na samadi na huishia kujua mteremko gani utashika maji. Shida ni kwamba ujuzi umerithiwa kwa wote, lakini ardhi haikuweza kurithiwa kwa wote. Katika karne ya 20 Wairaqw walipanuka hadi Karatu, Babati na Hanang, na walipofika mwisho wa kupanuka, kijana wa tatu au wa nne katika nyumba alibaki na ujuzi asio na pa kuutumia. Akienda mjini, ofisi inayomwandikisha kwa mafunzo humwandika kuwa "hana ujuzi."

Kosa la kurudisha watu

Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Ilitaka kila mkazi mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na asiye nayo apelekwe kijijini au katika mashamba makubwa. Wengi waliorudishwa walikuwa mjini tena muda si mrefu, na jambo hilo lilichekwa sana wakati ule. Wanaocheka hawasemi kosa lilikuwa wapi. Halikuwa katika kutaka kila mtu afanye kazi. Jamii yoyote inayojiheshimu inataka hivyo. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kijiji ni ghala la kazi lililo wazi wakati wote, na kwamba kijana ameliacha kwa tamaa ya taa za umeme. Kijana wa Mulbadaw angerudishwa wapi? Nyumbani kwao palikuwa na ngano ya shirika.

Sheria ile pia iliwapa vitambulisho wenye shughuli ndogondogo ili wasikamatwe. Miaka 35 baadaye, mwishoni mwa 2018, wamachinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mwaka 2021 wakahamishwa kutoka kando ya barabara. Kadi ya kwanza na kadi ya pili zina tofauti za kisiasa ambazo si haki kuzifumbia macho, maana ya pili ilikusudia kumlinda mchuuzi asibughudhiwe. Lakini zote mbili zinamtambua mtu bila kuitambua kazi yake. Hakuna iliyouliza bidhaa anayouza inatengenezwa wapi na nani.

Fundi wa daraja la pili

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, ilishambulia shule inayomtoa mtoto katika jamii yake na kumfanya adharau kazi ya mikono. Maazimio ya Musoma ya Novemba 1974 yalizidi kusukuma jambo hilo, na katika miaka iliyofuata zilianzishwa mamia ya vituo vya ufundi kwa waliomaliza elimu ya msingi. Humo vijana walifundishwa useremala, uashi, ushonaji na uhunzi wa mabati. Wakati uleule, kuanzia 1975, vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa kwa ushirikiano na Sweden, na cha Tango, Mbulu, ni kimojawapo cha vyuo hivyo.

Vituo vya ufundi vilidhoofika, na maelezo ya kawaida ni uhaba wa vifaa na walimu. Ni kweli, kwani seremala hafundishwi kwa randa moja kwa wanafunzi 30. Lakini vifaa havielezi yote. Wazazi walijua jambo ambalo wapangaji hawakutaka kulikiri: vituo vile viliwapokea waliokosa nafasi ya sekondari. Aliyefaulu alikwenda kidato cha kwanza, aliyeshindwa akapewa nyundo. Katika mpangilio huo nyundo ikawa alama ya kushindwa, na hotuba zote za heshima ya kazi hazikuweza kuifuta alama hiyo, kwa sababu mshahara wa karani uliendelea kuwa mkubwa kuliko pato la seremala wa kijijini. Mwanazuoni Philip Foster aliandika mwaka 1965 kuhusu Ghana kwamba wanafunzi wanaokimbia ufundi hawajapumbazwa na mtaala. Wamesoma soko la kazi vizuri kuliko mawaziri. Foster alikuwa mtetezi wa soko, nasi si lazima tumfuate huko, lakini katika hoja hii alikuwa sahihi. Huwezi kubadili matamanio ya kijana kwa somo, ukaacha mgawanyo wa mapato vilevile.

Leo tuna mkondo wa amali katika sekondari, ulioletwa na sera ya elimu toleo la 2023. Ni hatua ya maana, kwa kuwa inaiingiza kazi ya mikono ndani ya sekondari badala ya kuiacha mlangoni. Bado swali la wazazi wa 1975 litarudi: mtoto wa ofisa ataingia mkondo upi?

Nani analipa

Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, na Manyara ina chuo chake mjini Babati. Waajiri hutozwa asilimia fulani ya mishahara kwa ajili ya kuendeleza ufundi stadi. Tozo hiyo iliwahi kuwa asilimia 6, na kufikia mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 3.5. Waajiri wamelalamika kwamba ni kubwa, na kelele zao zimesikika. Jambo lililosikika kidogo ni mgawanyo wake: theluthi moja ndiyo iliyokwenda katika ufundi stadi, na theluthi mbili zikagharimia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Hatuwaonei wivu wanafunzi wa vyuo vikuu, wengi wao ni watoto wa wakulima. Lakini fedha iliyokusanywa kwa jina la fundi, ikatumika kwa sehemu kubwa kwa msomi, inatuambia zaidi kuhusu cheo cha fundi katika taifa kuliko risala zote za maonyesho.

Pengo hili hujazwa na miradi mifupi. Mradi huja na fedha za miaka miwili au mitatu, huchagua vijana, huwafundisha kwa wiki kadhaa ushonaji, upishi, usindikaji wa sabuni na somo liitwalo ujasiriamali, huwapiga picha wakiwa na vyeti, kisha huandika taarifa. Katika taarifa hizo kijana "amefikiwa." Neno hili lingefaa kuchunguzwa na wanaisimu. Amefikiwa na nini? Mvua nayo humfikia mtu.

Hata nchi tajiri hazikuweza kukwepa tatizo hili. Marekani ilianzisha mwaka 1964 mpango wa Job Corps, unaowachukua vijana maskini wa mijini na kuwaweka bwenini kwa miezi, kwa gharama kubwa ambayo sisi hatuwezi kuiota. Tathmini kubwa iliyowafuatilia vijana wa katikati ya miaka ya 1990 ilionyesha kwamba pato lao lilipanda katika miaka ya mwanzo, kisha kwa wengi tofauti ikafifia, isipokuwa kwa wale waliokuwa wakubwa kidogo kwa umri. Mafunzo yalimbadilisha kijana, lakini mtaa aliorudi ulikuwa uleule. Ikiwa miezi ya bweni haikutosha huko, wiki tatu za sabuni Katesh zitatosha vipi?

Somo la ujasiriamali linastahili neno la pekee, kwa sababu ndilo linalobeba itikadi. Humwambia kijana kwamba ajira haipo na kwamba ajiajiri, kana kwamba kujiajiri ni suala la moyo. Wakulima wa Hanang na Babati walijiajiri katika mbaazi. Walilima kwa bidii, soko likawa zuri, na mwezi Agosti 2017 India ikawekea mipaka uagizaji wa mbaazi, bei ikaanguka vibaya kabla ya mavuno hayo kuuzwa. Hakuna daftari la ujasiriamali ambalo lingewaokoa. Kilichokosekana kilikuwa ghala, kiwanda cha kukoboa, na ushirika wenye nguvu ya kungoja. Hayo ni mambo ya umma na ya uzalishaji, na kijana mmoja hawezi kuyabeba kwa kikundi cha watu watano na mkopo wa halmashauri, ambao nao ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya dosari za usimamizi na kurejeshwa mwaka uliofuata.

Wasiohesabiwa

Tukizungumza "vijana" picha inayotujia ni ya kijana wa kiume. Serikali nayo humwogopa huyo, kwa kuwa yumo barabarani. Binti aliyetoka Mbulu kwenda kufanya kazi za ndani Arusha au Dar es Salaam haonekani barabarani na haleti fujo, kwa hiyo si "hatari" kwa mtu yeyote isipokuwa kwake mwenyewe. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wake. Kazi yake inahitaji ujuzi: kulea mtoto, kupika, kumhudumia mgonjwa. Ujuzi huo haulipwi kwa kuwa unadhaniwa amezaliwa nao. Chama cha wafanyakazi CHODAWU kimejaribu kuwaandikisha, kazi ngumu pale ambapo kila karakana ina mfanyakazi mmoja na mlango wake umefungwa.

Kwa upande huu yapo mafanikio ya kusifiwa. Katika vyuo vya maendeleo ya wananchi umekuwapo mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowapokea wasichana walioacha shule, wakiwamo waliopata watoto, na kuweka mahali pa kulelea watoto hao wakati mama anasoma. Mpango huo uliwafikia wasichana ambao hadi Novemba 2021 hawakuruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mahali pa kulelea mtoto si jambo la huruma tu. Ni sharti la kazi, kama benchi la seremala. Chuo kisicho napo kimekwisha wafukuza nusu ya wanafunzi kabla ya kutangaza nafasi.

Mererani pia haina budi kutajwa, maana imo katika mkoa huohuo. Huko vijana wadogo walioitwa "nyoka" waliingia katika mashimo membamba ambamo mtu mzima hapiti. Mwaka 1998 na tena mwaka 2008 mafuriko yaliwaua wachimbaji wengi migodini. Ukuta wa kilomita 24.5 uliokamilika mwaka 2018 ulijengwa kuzuia utoroshaji wa tanzanite, na umesaidia mapato ya taifa. Kukata na kung'arisha jiwe lile, kazi ambayo ndiyo yenye thamani na inayoweza kufanywa na kijana aliyeketi juu ya ardhi, kwa miaka mingi kumefanyika zaidi nje ya nchi, hasa India. Hapa haihitajiki falsafa kujua ni mafunzo gani yanatakiwa.

Kazi iliyopo

Mfano mmoja wa karibu unaonyesha njia. Hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, ina chuo chake cha afya. Mwanafunzi hujifunza mahali penye wagonjwa, chini ya macho ya wanaofanya kazi hiyo, na hospitali yenyewe inawahitaji wahitimu. Chuo hakikuanza na kijana asiye na kazi na kumtafutia somo. Kilianza na kazi.

Kwa kipimo hicho Mbulu na Hanang zina kazi nyingi zisizo na chuo. Mbulu hulima vitunguu saumu vingi, vinavyouzwa vibichi kwa magunia na kushindana sokoni na vile vya kutoka China; kukausha, kupanga madaraja, kufungasha na kuhifadhi ni ufundi, na unaweza kufundishwa Tango, kando ya mashamba yenyewe. Hanang kuna matrekta, plau na mashine za kupura zinazoharibika kila msimu, na gereji za Katesh tayari zina vijana wanaojifunza kwa kuchafuka mafuta. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ni utaratibu mzuri kuliko mingi tuliyo nayo, kwa sababu haumwambii fundi kwamba hajui. Unapaswa kwenda gereji hadi gereji, badala ya kungoja fundi afunge kazi na kupanda basi.

Wahunzi wa Kidatoga nao, wa ukoo wa Gidang'odiga, hufua mishale na bangili kutokana na vyuma chakavu, kufuli na mabomba yaliyotupwa. Tusifanye mapenzi ya kimila hapa: katika jamii yao wahunzi walitengwa, hata kuoana nao kulikatazwa, na leo mtalii ndiye mnunuzi wao mkubwa. Lakini hakuna mkufunzi wa kuchomelea anayewajua, na wao hawaijui mashine yake. Wamekaa pande mbili za chuma kilekile.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu 89 kwa hesabu ya serikali na kuzika nyumba na maduka ya Katesh na Gendabi. Nyumba za waathirika zilijengwa Waret, katika eneo ambalo jina lake tumeliona juu katika orodha ya mashamba ya ngano, na SUMA JKT ilikuwa miongoni mwa wajenzi. Ziliinuka haraka, na haraka ilistahili. Ujenzi wa namna ile una uashi, useremala, upauaji, mabomba na umeme mahali pamoja, kwa miezi kadhaa, katika wilaya inayosemwa haina kazi za kufundishia. Halmashauri ya Wilaya ya Hanang ingefanya vyema kueleza ni vijana wangapi wa Katesh na Gendabi walioshika kijiko cha uashi pale wakiwa wanagenzi wenye daftari la kupimwa, na wangapi walisogeza mchanga kwa kutwa na kurudi nyumbani jioni kama walivyokuja. Mikataba ya ujenzi wa vyuo vipya vya VETA vya wilaya, 64 kwa nchi nzima, ingeweza kuwekewa kifungu hicho kabla ya msingi kuchimbwa.